Siku Bi Mwanabibi Alipotolewa Juani

Gari lilikuwa limeshavuka daraja la Rufiji, na Bi Mwanabibi Mbonde alikuwa hajauona mto.

Wasikilizaji wapendwa, hebu tuanzie hapo, ndani ya gari hilo, maana tunayemkumbuka leo hakuwa mtu wa kumkuta nyumbani. Ni Noah ya mdogo wake, Shaban. Imetoka Mohoro alfajiri, imepita Chumbi, inakwenda Dar es Salaam. Vioo vya nyuma vimezibwa kwa khanga, huku na huku, zimebanwa na vioo vyenyewe. Ndani giza kama chumbani. Katika giza hilo amekaa mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Kichwani hana unywele hata mmoja. Miguu inamfa ganzi, lakini haitulii. Anaikunja, anaikunjua. Mara kidole kikanyanyua ncha ya khanga.

"Mwanabibi!" Hiyo ni sauti ya dada yake mkubwa, Bi Hajira, aliyekaa ubavuni pake. "Jua hilo!"

"Nataka kuona maji yamefika wapi."

"Maji yapo. Yataondoka yaende wapi?"

"Ndicho ninachotaka kukiona, yanakwenda wapi."

Shaban akacheka kwenye usukani. Bi Hajira akaivuta khanga ikashuka. Gari likapita Ikwiriri. Likaingia Kibiti, akapanda Warda, binti yake Bi Mwanabibi, mwenye duka la vitenge karibu na stendi. Mama mtu alijua kwamba ni Kibiti kwa harufu ya korosho za kukaanga na kelele za wapiga debe, basi.

Safari ile ilikuwa ya kwenda kutundikiwa dawa ya saratani. Nasema tena: saratani ya titi, na dawa ile ya dripu ambayo wengi wetu tunaiita kemo. Alikuwa amekwisha kuipata mara tatu. Hiyo ilikuwa iwe ya nne. Haikuwa.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Mwanabibi alizaliwa Mohoro, mtoto wa wakulima wa mpunga. Shule alikwenda, akaacha, akarudi, akaacha. Utotoni alijua vijia vyote vya bondeni. Alipokua akaingia biashara ya kamba wakavu. Leo Nyamisati, kesho Kibiti, keshokutwa yuko juu ya gunia kwenye lori la mtu asiyemjua, anabishana na dereva habari za mpira. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba ameoa upepo na mahari ametoa.

Lakini mpunga ukichanua, upepo ule ulitulia mahali pamoja. Alihamia bondeni, kwenye dungu. Wa huku tunalijua dungu: kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, watu wanaishi humo msimu mzima, wanawinga ndege mchana na nguruwe usiku. Warda alizaliwa juu ya dungu, maji ya mafuriko yamezunguka pande zote. "Mama alikuwa akiniambia kwamba mimi niliteremka duniani kwa ngazi," Warda ametuambia, akacheka.

Uvimbe aliuona wakati wa mavuno. Hakusema. Alivuna mpaka suke la mwisho. Alipofika hospitali uvimbe ulikuwa umekwisha kukua, ikaamuliwa aanze dawa ya dripu kwanza, upasuaji ufuate.

Baada ya dripu ya pili nywele zikatoka zote. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo Bi Hajira alipoingia.

Bi Hajira ni kungwi, mwenye kuwafunda wali, wasichana waliovunja ungo. Si kungwi wa kubahatisha. Amecheza wali Mohoro, amecheza Chumbi, ameitwa mpaka Mbwara. Nusu ya kinamama wanaotusikiliza sasa hivi walipita mikononi mwake. Akamtazama mdogo wake: dawa kali imepita mwilini, nywele zimekwisha, ngozi laini kama ya mtoto. Huu ni mwili mpya. Na mwili mpya, kwa Bi Hajira, unawekwa ndani.

Akamweka ndani. Dirisha likafungwa, pazia likashushwa. Kutoka nje hakuna, labda kujisaidia, tena kwa kufunikwa gubigubi. Yai, mwiko. Kambale na perege, mwiko. Mboga za majani zitamtia baridi tumboni. Chakula kikawa uji wa mchele asubuhi, bada, ule ugali wa muhogo, jioni, na chumvi ya kuhesabia. Hakufanya kwa ubaya. Alilala naye chumba kimoja, akamsinga mwili kwa liwa, akamkanda miguu, na kwake mwenyewe hakurudi.

Bi Mwanabibi akaanza kuwa mweupe. Wanawake waliokuja kumjulia hali walichungulia pazia wakasema mashallah. Bi Hajira akajaa furaha. "Mwaona mwali wangu alivyotakata?"

Mwali mwenyewe alikuwa hana raha. Alitembea. Kitandani mpaka ukutani, ukutani mpaka kitandani. Sakafu ya udongo ikafanya njia. Akisikia mtu anapita nje anaita, "Nani wewe? Ndege wameshashuka? Shamba langu nani analiwinga?" Akijibiwa kwamba ni Shaban, anashika kichwa. "Shaban! Yule anapigia ndege makofi, wanadhani wanashangiliwa."

Warda naye hakukaa bure. Alinunua stendi chupa kubwa ya vidonge vya vitamini. Muuzaji alimwapia kwamba vinatibu kila kitu. Bi Mwanabibi akavipondaponda, akawamwagia kuku wa uani kupitia ufa wa dirisha. Tutarudi kwa chupa hiyo.

Ndivyo ilivyokuwa hadi safari ile ya vioo vilivyozibwa kwa khanga.

Hospitalini Dar walichukua damu. Daktari alikuwa dada kijana, miwani imemteremka puani. Alisoma majibu, akamtazama Bi Mwanabibi, akasoma tena.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nalima mpunga."

"Wapi?"

"Mohoro. Bondeni."

"Huko kwenu mpunga unalimwa ndani ya nyumba?"

Warda anasema alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Vitamini D yako iko chini kabisa," daktari akasema. "Folati nayo, vitamini ya mboga za majani, iko chini, na damu ni kidogo. Mkulima wa Rufiji, jua lote lile, unaniletea damu ya mtu aliyefungiwa stoo."

Bi Hajira akainuka kwenye kiti. "Hakufungiwa. Ametunzwa."

"Ametunzwa vipi, mama?"

"Ametunzwa na mimi."

Daktari hakucheka. Akavuta kiti. Aliyoyasema Warda aliyashika, na mimi nayarudia polepole ili kila mmoja ayapate. Dawa ya kemo inapiga saratani, lakini inagusa na sehemu za mwili zisizo na ugonjwa. Mwili unataka vitu vya kujijengea upya. Wagonjwa wengi wanaotundikiwa dawa hii hupungukiwa vitamini, maana hamu ya kula inakwisha, wanatapika, wanashinda ndani. Mtu akinyimwa tena jua, samaki, mayai na mboga, anakwisha upesi zaidi. Na jambo hili daktari alilisema mara mbili: vitamini haiponyi saratani. Anayekwambia inaponya, anakudanganya. Kazi yake ni kumsaidia mgonjwa asianguke kabla dawa haijamaliza kazi.

"Na vitamini za chupa?" Warda akauliza kwa woga. "Nilimnunulia stendi."

"Umezinywa, mama?"

"Wamekula kuku," akasema Bi Mwanabibi. "Wamekuwa wakali, hawashikiki."

"Afadhali kuku. Nyingine zikizidi zinadhuru, nyingine zinagombana na dawa. Nitakazokupa mimi, kunywa. Za stendi, hapana. Ule samaki na mayai, yaive sawasawa. Mboga zioshwe. Na jua la asubuhi, kila siku, mikono na miguu iwe wazi. Kwa dawa unazopata wewe, jua si tatizo. Leo sikutundikii. Nikikutundikia katika hali hii nitakuangusha. Rudini baada ya wiki tatu."

Bi Mwanabibi akamtazama. "Na uvimbe nao utanisubiri hizo wiki tatu?"

Daktari akavua miwani. "Hausubiri, mama. Ndiyo maana nataka ule."

Wakarudi Mohoro bila dripu. Mambo yalikuwa hivi, wasikilizaji: damu ikipanda, dawa itaendelea. Isipopanda, uvimbe unabaki peke yake uwanjani.

Bi Hajira si mtu jeuri. Siku ya pili alipika perege kwa tui mwenyewe, akachemsha na yai. Akalimenya. "Mola anisamehe," akasema, akamlisha. Matembele nayo yakapikwa. Vidonge vya daktari alivitoa mkononi mwake asubuhi bila kukosa. Lakini pazia likabaki pale pale.

"Mama mkubwa, jua," Warda akamwambia.

"Juani hatoki."

"Daktari kasema."

"Daktari hajui. Mwali hatoki bila ngoma. Wali wote niliowatoa mimi, wa kwangu nimtoe kimyakimya kama mwizi? Mji utasema nini?"

"Mama mkubwa, mama si mwali. Mama ni mgonjwa!"

Na hapo, Warda anasema, Bi Hajira alikaa chini sakafuni, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mwanangu, mimi mgonjwa wa dripu sijui anatunzwaje. Sijafundishwa. Ninachojua ni kutunza mwali. Nikimtoa huyu kabla ya wakati akafa, nitasema nini?"

Shaban naye alijaribu, akafukuzwa kwa mwiko wa kusongea ugali. Yeye ni mdogo, dada ni mkubwa, mambo yakaishia hapo. Siku zikawa zinakwenda. Ndani ya chumba hatua zikapungua. Ganzi ilikuwa imepanda. "Miguu hii kama ya kuazima," Bi Mwanabibi alilalamika. "Mwenyewe aje aichukue, nami anirudishie yangu." Akitaka kuzunguka, sasa anashika ukuta.

Ndipo Warda akapiga simu Mbwara, kwa Bi Biasha.

Bi Biasha ni Mmatumbi. Ukoo wa Mbonde ni Wandengereko. Ni watani. Mtani, wasikilizaji wapendwa, mnamjua. Anaingia bila hodi. Anachukua jogoo wako mbele ya macho yako. Anatukana kwenye msiba, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Lisilowezekana kwa mtoto wala kwa ndugu, kwa mtani linawezekana.

Alifika asubuhi, debe tupu kichwani, na sauti yake ilifika kabla yake.

"Wandengereko! Nasikia mna mwali mwenye wajukuu! Mume mmekosa au mmekataa?"

"Mtani, taratibu," Bi Hajira akatoka mlangoni. "Kuna mgonjwa ndani."

"Mgonjwa? Mimi nimeitiwa mwali. Kwetu milimani mtu akifungiwa ndani basi kaiba. Ninyi mnafungia mpaka wasioiba! Nipishe, niuone wizi wenu."

Akampita. Akafungua pazia kwa mikono miwili. Bi Mwanabibi akaziba macho.

"Alaa! Kichwa kama yai la kanga! Mmemlalia, mnangoja aanguliwe?"

Bi Mwanabibi akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Warda anasema kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu dripu ya kwanza.

"Inuka, mtani."

"Siwezi. Miguu ina ganzi."

"Miguu nani kaiuliza? Mwali siku ya kutoka anatembea? Anabebwa!"

Akachutama, akampa mgongo. Bi Mwanabibi akapanda. Bi Biasha akainuka naye, akayumba, akasimama sawasawa. "Mwali gani huyu, mwepesi kama tenga lisilo na samaki! Kungwi wake hapiki?"

Akatoka naye mpaka uani, katikati ya jua, majirani wakiwa wamekwisha kunyoosha shingo juu ya ua. Warda akatandika mkeka. Bi Biasha akamteremsha, akachukua debe lake, akaanza kupiga na kuimba wimbo wa kumtolea mwali. Akaupiga ovyo. Maneno akayachanganya na ya Kimatumbi, mengine ya matusi, watu wakaanguka kwa kucheka.

Bi Hajira alikuwa amesimama mlangoni. Uso ameukunja. Kila debe lilipokosewa, bega lake lilishtuka.

"Kungwi kanuna!" Bi Biasha akapaza sauti. "Basi nitaimba mimi mpaka adhuhuri, na nitaimba vibaya zaidi!"

Akaimba vibaya zaidi.

"Siyo hivyo!" Bi Hajira akashindwa kuvumilia. "Wewe mwanamke, unaharibu! Hiyo haiingii hapo!" Akateremka kizingiti, akavuka ua, akampokonya debe. Akalipiga mara moja, kulisikiliza. Kisha akalipiga linavyotakiwa kupigwa. Akatoa sauti yake, ile ambayo Mohoro nzima wanaijua, na wanawake wakaipokea, wa juu ya ua na wa barabarani, na vigelegele vikapanda. Akamzunguka mdogo wake kwa ngoma, akilia, akiimba, bila kukosea hata pigo moja. Mwali akatolewa.

Bi Mwanabibi alinyoosha mikono juu ya mkeka, viganja juu. Akatazama juu kwa jicho moja.

"Kumbe bado linawaka," akasema.

Tangu siku hiyo mkeka haukutulia. Leo uko uani. Kesho uko mlangoni kwa jirani. Wiki ikapita, ukaonekana kando ya barabara, Bi Mwanabibi amekaa anauliza kila mpita njia habari za ndege, Bi Hajira yuko nyuma yake na bakuli la matembele. Waliporudi Dar daktari alipima tena. Vitamini D ilikuwa bado haijafika inapotakiwa, lakini imepanda. Folati imepanda. Damu imepanda. Dripu ya nne ikatundikwa. Zikafuata nyingine mpaka zikaisha. Akapasuliwa. Ganzi haikumtoka yote. Nywele zilirudi zimesokotana, akasema hizi si zake, za Bi Biasha.

Msimu uliofuata alihamia bondeni. Alipandishwa dungu na Shaban kwa kusukumwa kutoka chini. Akawinga mpunga mwenyewe, kwa kelele na kwa kombeo. Akavuna. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu jambo hili ndilo alilolitaka: akavuna.

Saratani ilirudi mwaka huu, ikaingia kwenye ini. Hapo vitamini haikuwa na la kufanya, wala jua, wala sisi. Daktari aliwaambia ukweli na akawapa dawa za maumivu. Bi Mwanabibi alitaka kupelekwa kuona maji ya Nyamisati, akapelekwa. Akataka Kibiti, akapelekwa. Akataka Mbwara kwa mtani, akapelekwa, wakatukanana kutwa nzima. Alifia Mohoro, asubuhi, mpunga ukiwa unachanua.

Siku ya mazishi, jeneza lilipokuwa karibu kutolewa, Bi Biasha alijilaza kizingitini. Watani ndivyo wanavyofanya, na watu walingoja mzaha. "Hatoki huyu," akasema. "Mimi nilishamtoa." Watu wakangoja aendelee. Hakuendelea. Bi Hajira akaja akakaa chini kando yake, akamshika mkono, wakakaa hivyo wawili, mpaka Bi Biasha akaondoka njiani mwenyewe.

Kwa Warda, kwa Bi Hajira, kwa Shaban, na kwa ukoo wote wa Mbonde: kipindi hiki kinawapa pole. Mola amlaze pema, awape subira.

Na wewe unayenisikiliza, pengine una mgonjwa ndani sasa hivi, pazia limeshushwa. Umemweka hapo kwa mapenzi, najua. Muulize daktari wake vitamini zake zikoje. Muulize ale nini, na kama dawa yake inapatana na jua, maana nyingine hazipatani. Kila mgonjwa na dawa yake. Kisha muulize mgonjwa mwenyewe anataka kwenda wapi. Litafakari hilo kabla hujazima redio.

Waliobaki wako hivi. Shaban bado anaendesha Noah kati ya Mohoro na Kibiti. Mpunga wa dada yake aliuvuna yeye, ndege walikula sehemu. Dungu halikujengwa tena. Warda yuko Kibiti na duka lake. Yule daktari amehamishiwa mkoa mwingine. Bi Biasha yuko Mbwara, anaumwa magoti, Mohoro hajaja tena. Bi Hajira bado ni kungwi, na wali wake wa mwaka huu wanakula mayai, asubuhi wanaota jua nyuma ya ua. Bi Mwanabibi amezikwa Mohoro, upande wa barabarani, ambako magari yanapita mchana kutwa.